Simu Isiyozimwa Angani: Hesabu ya Amri Isiyotiiwa

Mei 2013 vyama viwili vya Marekani, kimoja cha wahusika wa huduma za abiria wa ndege na kingine cha watengenezaji wa vifaa vya kielektroniki, vilichapisha matokeo ya uchunguzi wa maoni. Abiria 99 kati ya 100 walisema husafiri na angalau kifaa kimoja. Asilimia 30 walikiri kuwa waliwahi kukisahau kikiwa kinawaka wakati ndege inapaa au inatua. Asilimia 59 walisema kila wanapoambiwa kuzima, huzima kabisa. Asilimia 21 walisema huweka hali ya ndegeni, yaani huzima redio za simu lakini simu yenyewe wanaiacha ikiwaka. Kanuni ya wakati ule ilitaka kila kifaa kizimwe mpaka ndege ivuke futi 10,000, kwa hiyo hata hao asilimia 21 walikuwa wakiikiuka.

Asilimia 30 ni namba iliyosambaa sana magazetini, na kwa sababu hiyo inafaa kuchunguzwa kabla ya kutumiwa. Neno zito katika swali lile ni "waliwahi". Mtu aliyepanda ndege mara mia na kusahau mara moja anahesabiwa sawa na asiyezima simu maisha yake yote. Namba hiyo inataja waliosahau tu. Walioacha simu ikiwaka kwa makusudi hawamo. Tena mmoja wa waliolipia uchunguzi alikuwa anauza vifaa vilevile vilivyokatazwa, na alikuwa na haja ya kuonyesha kwamba katazo halishikiki. Haya hayaifanyi namba kuwa ya uongo. Yanamaanisha tu kwamba haiwezi kugeuzwa kuwa "abiria 30 katika kila 100 wa leo".

Basi tuanze na dhana ya upole zaidi: abiria mmoja kati ya mia katika safari moja hazimi. Mwaka 2012 mashirika ya ndege ya Marekani yalibeba abiria karibu milioni 737, ambao ni kama milioni 2 kwa siku. Asilimia moja yao ni simu 20,000 zinazowaka kinyume cha amri kila siku, katika nchi moja. Ukiishusha dhana hadi mmoja kati ya elfu, zinabaki 2,000.

Jumla ya nchi haimwambii rubani kitu. Swali lake ni kama ndani ya ndege yake kuna hata simu moja inayowaka. Chukua ndege yenye abiria 150. Iwapo kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 99 wa kutii, uwezekano wa wote kutii kwa pamoja ni 0.99 iliyozidishwa yenyewe mara 150, yaani asilimia 22. Kwa maneno mengine, ndege 78 kati ya 100 zitaruka na angalau simu moja inayowaka, ingawa abiria 99 kati ya 100 ni watiifu. Utii ukipanda hadi 999 kati ya 1,000, ndege 14 kati ya 100 bado zina simu hiyo. Ukishuka hadi 95 kati ya 100, ndege isiyo na hata simu moja inapatikana mara moja katika kila ndege 2,200 hivi.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila abiria anaamua peke yake, jambo ambalo si kweli kabisa, kwa kuwa familia na wenzi wa safari hukumbushana au huigana. Mwelekeo wake haubadiliki kwa hilo. Usalama unaotegemea utii wa watu 150 bila kukosa hata mmoja ulikuwa umeshindikana tangu mwanzo, na nadhani hili ndilo jambo ambalo mjadala wa miaka mingi uliliruka ulipokuwa ukibishana kuhusu nani mstaarabu na nani mkaidi.

Ukaidi wenyewe umewahi kupimwa, si kuulizwa tu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipanda na kipima mawimbi kilichofichwa ndani ya begi la mkononi katika safari 37 za kawaida kaskazini mashariki mwa Marekani. Waligundua kwamba simu moja hadi nne hupigwa katika safari ya kawaida ya ukanda huo, nyingine katika dakika nyeti za kupaa na za kukaribia kutua. Tukichukua safari 20,000 za ndani kwa siku na kuzidisha, tunapata simu kati ya 20,000 na 80,000 zilizopigwa angani kila siku. Safari 37 za eneo moja lenye wafanyabiashara wengi ni msingi mwembamba wa kuzidisha hivyo, na namba hiyo isomwe kama ukubwa wa kukadiria tu. Ila inaonyesha kwamba dhana yetu ya asilimia moja haikuwa ya kuwasingizia abiria. Watafiti walihesabu simu zilizopigwa, na simu inayopigwa ni sehemu ndogo ya simu zinazowaka.

Kanuni ilitoka wapi? Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliitoa mwaka 1966, na haikuwa na simu akilini. Iliwahofia wenye redio ndogo za FM. Hofu yake ilikuwa mwingiliano, yaani wimbi la kifaa kimoja kuvuruga upokeaji wa kifaa kingine, na hesabu yake ni ya kujumlisha tu. Ili ipokee stesheni, redio ya FM hutengeneza ndani yake wimbi lingine lililo juu ya stesheni hiyo kwa megahezi 10.7. Anayesikiliza stesheni ya megahezi 100 anatengeneza wimbi la 110.7. Masafa kati ya 108 na 118 hutumika kuongoza ndege, na 110.7 ni mojawapo ya yale yanayomwonyesha rubani kama yuko kwenye mstari wa katikati wa njia ya kurukia anapotua. Toa 10.7 kutoka 108 unapata 97.3, toa 10.7 kutoka 118 unapata 107.3. Stesheni zote zilizo kati ya namba hizo mbili, ambazo ni nusu ya bendi nzima ya FM, zilimfanya msikilizaji kuwa kituo kidogo cha kurusha mawimbi katika masafa ya rubani. Katazo lile lilikuwa na msingi imara.

Maandishi ya kanuni yalikuwa na umbo ambalo abiria wengi hawakulijua. Hayakusema kwamba vifaa vyote ni vya hatari. Yaliruhusu vichache kwa majina, kama vile vinasa sauti, vifaa vya kusaidia kusikia, vya kurekebisha mapigo ya moyo na mashine za kunyolea ndevu. Vilivyobaki vilikatazwa mpaka shirika la ndege lenyewe lijiridhishe kwamba havina madhara. Kilichokatazwa, kwa hiyo, ni kisichopimwa. Abiria aliyesema "hakuna aliyethibitisha kuwa simu yangu ni hatari" alikuwa anasema kweli, na kanuni ilikuwa imeandikwa hasa kwa hali hiyo.

Katazo la simu za mkononi lina chimbuko jingine kabisa. Lilitolewa mwaka 1991 na tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, na lengo lake lilikuwa kuilinda mitandao ya ardhini. Kutoka mita 10,000 juu, upeo wa macho uko umbali wa kilomita 357 hivi. Duara la nusu kipenyo hicho lina eneo la kilomita za mraba 400,000, sawa na asilimia 42 ya eneo lote la Tanzania. Si kwamba simu inaweza kuzungumza na kila mnara ulio ndani ya duara hilo, lakini hakuna mlima wala jengo linaloizuia isisikike na minara mingi kwa wakati mmoja. Ongeza mwendo: kilomita 850 kwa saa ni mita 236 kwa sekunde, kwa hiyo eneo la mnara mmoja lenye upana wa kilomita 5 linavukwa kwa sekunde 21. Mtandao uliobuniwa kwa ajili ya mtu anayetembea au aliye garini haukutengenezwa kukabidhi simu kila sekunde 21. FCC ilipendekeza kulegeza katazo hilo Desemba 2013, kisha Novemba 2020 ikaliondoa pendekezo lenyewe. Katazo bado lipo, na abiria anayeambiwa kwamba lipo kwa ajili ya vyombo vya rubani anaambiwa nusu ya habari.

Sasa upande wa madhara. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kilikusanya taarifa kutoka mashirika 125 kwa miaka 2003 hadi 2009. Matukio 75 yalihusishwa na vifaa vya abiria. Kati ya hayo, 26, ambayo ni asilimia 35, yaligusa mifumo ya kuendesha ndege, ikiwemo ile ya kujiendesha yenyewe. Simu zilitajwa katika matukio manne kati ya kumi.

Matukio 75 kwa miaka saba ni kama 11 kwa mwaka. Tukikadiria safari milioni 25 kwa mwaka duniani, miaka saba ina safari milioni 175, na tukio moja linaangukia kila safari milioni 2.3. Kuna sababu ya kuiona namba hii kuwa ndogo mno: mashirika 125 si yote, na rubani haandiki kila sindano inayocheza. Tuseme basi ni tukio moja tu kati ya mia lililoripotiwa. Matukio yanakuwa 7,500, na uwiano unakuwa moja kwa kila safari 23,000. Kuna pia sababu ya kuiona kubwa mno, kwa kuwa "kuhusishwa" maana yake ni kwamba rubani alishuku, abiria akazima, na hitilafu ikaisha. Hitilafu nyingi huisha zenyewe.

Kesi moja inaonyesha ugumu huo vizuri. Mwaka 1995 kompyuta mpakato ya abiria ilishukiwa kuikatisha mifumo ya kujiendesha ya ndege aina ya Boeing 737. Kampuni ya Boeing ilifanya jambo la maana: iliinunua kompyuta hiyo kutoka kwa abiria, ikaipima maabara, kisha ikarusha ndege ileile mara mbili pamoja nayo. Maabara ilikuta mawimbi yaliyozidi kiwango kinachokubaliwa kwa vyombo vya ndege. Angani hitilafu haikurudi hata mara moja. Kipimo kimoja kilisema ndiyo, kingine kikasema hapana, na tukio likabaki kwenye orodha ya yanayoshukiwa.

Hapa ndipo hoja maarufu ya abiria inapoingia: simu zimewaka kwa maelfu kila siku, na hakuna ndege kubwa ya abiria ambayo uchunguzi umethibitisha kuwa iliangushwa na simu ya abiria. Ni kweli. Ajali inayotajwa sana, ya ndege ndogo karibu na Christchurch, New Zealand, Juni 2003, iliyoua watu wanane, ilitajwa kwa sababu uchunguzi uliona uwezekano kwamba simu ya rubani mwenyewe ilivuruga chombo chake. Lakini kimya kina thamani kiasi gani kama ushahidi? Takwimu zina kanuni rahisi: ukitazama majaribio fulani na usione ajali hata moja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 tu kwamba hatari haizidi tatu iliyogawanywa kwa idadi ya majaribio.

Tuitumie. Safari milioni 9 za mashirika ya Marekani kwa mwaka, kwa miaka kumi, ni milioni 90. Kila moja ikichukua saa mbili, ni saa milioni 180 za kuruka. Tatu gawanya kwa milioni 180 ni moja kwa kila saa milioni 60. Kipimo ambacho wabunifu wa ndege hufuata kwa hitilafu inayoweza kuangusha ndege ni moja kwa kila saa bilioni moja. Kimya cha miaka kumi kinatufikisha mahali palipo karibu mara 17 nyuma ya kipimo hicho. Ili kimya peke yake kitosheleze, Marekani ingehitaji miaka 167 ya namna hiyo. Anayesema "mbona hakuna kilichotokea" ana ushahidi, ila ni pungufu kwa kipimo ambacho yeye mwenyewe, akiwa kitini na watoto wake, angetaka kifuatwe.

Kwa hiyo mtu hakwepi kupima, na kupima kuna gharama. Kwa utaratibu wa 1966 shirika lilitakiwa kujiridhisha kuhusu kila kifaa katika kila aina ya ndege. Chukua mfano wa kukisia: aina 200 za vifaa na aina 8 za ndege ni vipimo 1,600, na mwaka unaofuata madukani kuna aina 200 nyingine. Hakuna shirika ambalo lingeweza kuifuata kasi hiyo. Mabadiliko ya kweli yalikuja wahandisi walipougeuza mzigo. Viwango vilivyotolewa mwaka 2007 vilielekeza kuipima ndege yenyewe kama inastahimili mawimbi ya ukubwa fulani, bila kujali yametoka kwenye kifaa gani. Vipimo 1,600 vikawa 8. Nikitafuta hatua iliyookoa fedha nyingi kuliko zote katika historia hii, naiona hapa, ingawa haikutangazwa kwa abiria yeyote.

Januari 2013 FAA iliunda kamati ya wajumbe 28 kutoka mashirika, watengenezaji, marubani, wahudumu na abiria. Septemba ikapokea ripoti, na tarehe 31 Oktoba ikatangaza kwamba ndege nyingi za abiria zinastahimili mawimbi hayo na vifaa vingeweza kutumika tangu mlangoni hadi mlangoni, vikiwa katika hali ya ndegeni. Mashirika ya Delta na JetBlue yalianza siku iliyofuata. Faida ya abiria mtu anaweza kuikisia hivi: dakika 30 za kupaa na kutua, mara abiria milioni 737, ni saa milioni 368 kwa mwaka. Katika uchunguzi ule wa 2013, asilimia 69 walisema hutumia vifaa safarini, kwa hiyo zinabaki saa milioni 254. Sitaki kuzigeuza saa hizo kuwa fedha, kwa kuwa nusu saa bila simu si lazima iwe nusu saa iliyopotea, na kila bei ambayo ningeiweka ingekuwa ya kubuni.

Ndani ya tangazo lile kulikuwa na namba ambayo haikupewa uzito. FAA ilisema katika asilimia moja hivi ya safari, wakati wa ukungu mzito au hali nyingine ya kutoona mbali, baadhi ya mifumo ya kutua haijathibitishwa kustahimili, na abiria wanaweza kuambiwa wazime kabisa. Asilimia moja ya safari milioni 9 ni 90,000 kwa mwaka, au 247 kwa siku. Katika safari hizo utii una uzito kamili, na abiria wake ni walewale wa hesabu ya asilimia 78. Miaka 47 ya tangazo moja kwa kila safari, la lazima na lisilo lazima, iliwafundisha watu kutolisikia. Katika gharama zote za kanuni pana kupita kiasi, hii ndiyo inayonihuzunisha, kwa sababu haiwezi kurudishwa kwa kutoa waraka mpya.

Kulipia ustahimilivu kunagharimu kiasi gani? Tunayo ankara moja iliyo wazi. Majaribio ya kuidhinisha Wi-Fi ndani ya Boeing 737 yalionyesha kuwa skrini fulani za chumba cha marubani, zilizotengenezwa na Honeywell, zingeweza kuzimika kwa muda zikikaribiwa na mawimbi hayo. Mwaka 2014 FAA iliagiza skrini hizo zibadilishwe au zirekebishwe katika ndege 1,326 za aina ya 737 na 777, ndani ya miaka mitano, kwa makadirio ya dola milioni 13.8. Nikichukua dola moja kuwa shilingi 2,500 za Tanzania, kiwango cha kurahisisha kuzidisha, hizo ni shilingi bilioni 34.5. Kwa ndege moja ni dola 10,400, yaani shilingi milioni 26.

Milioni 26 zinasikika kubwa mpaka zigawanywe. Ndege yenye abiria 120 kwa safari, safari 4 kwa siku, siku 350 kwa mwaka, hubeba abiria 168,000 kwa mwaka na 840,000 kwa miaka mitano. Gharama kwa abiria mmoja ni shilingi 31. Makadirio ya FAA hayakujumuisha mapato ambayo ndege hupoteza ikiwa imeegeshwa, na 777 hufanya safari chache kuliko nilizokadiria, kwa hiyo izidishe mara tatu ukitaka. Hata shilingi 93 kwa abiria ni bei ndogo kwa kinga inayofanya kazi iwe mtu wa kiti cha dirishani ametii au hakutii. Jambo la pili katika ankara hii lina uzito kuliko fedha: skrini zile zilikuwa zimeshapewa idhini na zilikuwa zinaruka. Aliyesema mwaka 2013 kwamba ndege zote ziko salama kwa mawimbi ya abiria angekuwa amekosea kwa ndege 1,326.

Kwamba tatizo ni la uhandisi kuliko tabia, Ghuba ilionyesha mapema. Desemba 2011 mwigizaji Alec Baldwin aliteremshwa kwenye ndege ya American Airlines Los Angeles, ikiwa bado mlangoni, kwa sababu ya mchezo wa maneno kwenye simu yake. Ilhali tangu Machi 2008 abiria wa Emirates, shirika la Ghuba, walikuwa wakipiga simu angani kwa idhini. Tofauti ilikuwa mnara mdogo uliofungwa ndani ya ndege. Simu ya GSM katika bendi ya 1800 ikitafuta mnara wa mbali inaweza kurusha hadi wati 1. Ikiwa na mnara mita chache kutoka kitini, inaamriwa kushuka hadi elfu moja ya wati. Hiyo ni tofauti ya mara 1,000, na imepatikana bila kumwomba abiria kitu. Simu iliyosahaulika mfukoni kwenye ndege isiyo na mnara ndiyo inayopiga kelele kuliko zote kila inapojaribu kujiandikisha.

Njia ya adhabu inatoa mavuno gani? Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2021, FAA iliweza kumtoza abiria msumbufu hadi dola 37,000 kwa kosa moja, sawa na shilingi milioni 92.5. Mwaka huo, uliokuwa mbaya kuliko yote, mashirika yaliripoti matukio karibu 6,000 ya usumbufu, na karibu 4,300 yalihusu barakoa. Yaliyobaki ni 1,700. Tuseme, kwa kuzidisha sana, kwamba yote 1,700 yalihusu vifaa vya kielektroniki na kila moja lilitozwa faini kamili. Kwa abiria milioni 670 wa mwaka huo, ni mmoja kati ya 394,000. Faini ya milioni 92.5 ikigawanywa kwa 394,000 inakuwa shilingi 235 kwa safari. Wastani halisi kwa kila abiria ni mdogo kuliko huo, maana dhana zote mbili zimeupandisha. Adhabu ya namna hii inamtisha anayeisoma kwenye kabrasha la kiti. Kwa hesabu, haimzuii mtu.

Wakati macho yako kwenye mawimbi, namba za upande mwingine zimepanda. FAA huorodhesha matukio ya moshi, moto au joto kali kutoka kwa betri za lithiamu. Mwaka 2023 yalikuwa 77. Mwaka 2024 yakawa 89, ongezeko la asilimia 16. Ukiyaweka kando ya matukio 11 kwa mwaka ya IATA, betri ni mara nane. Ulinganisho huo una kasoro: orodha ya FAA ni ya Marekani na inachanganya abiria na mizigo, ya IATA ni ya mashirika 125 ya dunia na ya miaka mingine. Kasoro zenyewe, hata hivyo, zinaelekea upande mmoja. Nchi moja inaizidi dunia, na matukio yaliyothibitishwa yanayazidi yaliyoshukiwa.

Gharama ya tukio moja inaweza kuwa ndege nzima. Januari 28, 2025, Airbus A321 ya Air Busan iliteketea ikiwa ardhini uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Watu wote 176 walitoka hai, na wachunguzi walieleza kuwa chanzo kinachoelekea zaidi ni pawabenki. Korea Kusini ilikataza pawabenki kuwekwa kwenye makabati ya juu kuanzia Machi mwaka huo. Emirates, ambayo wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam na Nairobi huipanda kwenda Dubai, ilikataza kuzitumia ndani ya ndege kuanzia Oktoba 1, 2025, na kuruhusu moja tu kwa abiria, isiyozidi wati-saa 100.

Amri hii mpya inatofautiana na ya zamani kwa kitu kimoja kinachopimika. Mhudumu hawezi kuona kama simu 150 zilizo mifukoni ziko katika hali ya ndegeni. Pawabenki inayochaji simu juu ya kimeza anaiona, na uwezo wake umeandikwa juu ya ganda kwa miliampea-saa (mAh). Uzidishe kwa volti 3.7 kisha ugawanye kwa 1,000. Ya 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Ya 27,000 ni 99.9, iko ukingoni kabisa. Ile kubwa iliyoandikwa 50,000 ni 185, ilhali kikomo cha juu kinachoweza kuruhusiwa mkononi katika usafiri wa kimataifa, tena kwa idhini ya shirika, ni 160.